Wiki moja Fargo: Jumatatu kaptula, Jumatano theluji na radi. Hii springi ni ya kawaida kweli?

mgeni_Fargo

Wakuu habari zenu. Naomba wenyeji wa huku North Dakota, na hata nyie wa ng'ambo ya mto kule Minnesota, mnisaidie maana hii hali ya hewa inataka kunitoa akili. Winta yangu ya kwanza nimeimaliza salama, kila mtu akaniambia vumilia, springi ikifika utapumua. Sasa oneni wiki hii ilivyokwenda.

Jumatatu digrii 72, kwa Selsiasi ni kama 22 hivi, watu kaptula, jirani katoa jiko lake nje anachoma nyama, mimi nikafungua madirisha yote. Jumanne joto bado lipo ila upepo wa kusini si mchezo, mapipa ya taka yanatembea yenyewe barabarani na vumbi jeusi la mashambani limejaa hadi kwenye meno. Jumatano asubuhi manyunyu, mchana upepo ukageuka ghafla, kufika saa kumi jioni mvua imeshakuwa theluji na katikati ya hiyo theluji nikasikia ngurumo, nikadhani ni treni, kumbe radi kabisa! Alhamisi simu inapiga kelele, shule zimefungwa, barabara kuu ya I-94 imefungwa, nyumba ya ng'ambo ya barabara siioni. Ijumaa jua kali la kuumiza macho na digrii 19. Leo Jumamosi kila kitu kinayeyuka, mtaa mzima maji, na mabata bukini wanapita juu makundi kwa makundi wakipiga kelele kuelekea kaskazini, sijui wenzetu wana taarifa gani ambazo sisi hatuna.

Naomba kujua, hii ndiyo kawaida au mwaka huu umeharibika? Makoti niyaweke kabatini lini, matairi ya winta nitoe au nisubiri? Na kubwa zaidi, Ijumaa ijayo asubuhi natakiwa Bismarck kwa mambo ya makaratasi na watabiri wameanza kusema kuna kitu kingine kinakuja kuanzia Alhamisi. Msinijibu "utazoea" tafadhali, hilo nimeshaambiwa vya kutosha.

mama_wa_wanne

Pole mdogo wangu na karibu springi, hiyo wiki uliyoieleza ni Aprili ya kawaida kabisa, tena umesahau ukungu.

Makoti usiweke popote. Mimi ya watoto yanabaki kwenye misumari pale mlangoni mpaka katikati ya Mei, ila kinachobadilika ni kwamba asubuhi wanatoka na koti zito na mchana wanarudi wamelivuta chini kama hawalijui. Wavalishe kwa tabaka, fulana, sweta, kisha koti la kuzuia upepo, maana Aprili kinachokutesa ni upepo na maji kuliko baridi yenyewe. Na viatu! Watu wananunua mabuti ya theluji wanasahau mabuti ya mpira, wakati sasa hivi uwanja wa shule ni tope tupu, mtoto akiingia na viatu vya kitambaa anakaa na soksi mbichi mpaka saa tisa.

Kingine ambacho hakuna atakayekuambia ni asubuhi. Mchana inayeyuka, maji yanatiririka mpaka kwenye makutano ya barabara, usiku inashuka chini ya 32 (sifuri ya Selsiasi) yanaganda, asubuhi saa moja unafika kwenye alama ya kusimama unakanyaga breki gari linaendelea na safari zake. Barabara unaiona nyeusi kavu kabisa kumbe ni barafu. Kwa hiyo hata kama jana ilikuwa 60, asubuhi tembea polepole, na ukiwa kwa miguu angalia ngazi za nyumba maana matone ya paa yanagandia hapohapo unapokanyaga.

Halafu shule: sio lazima zifungwe, mara nyingi zinachelewa masaa mawili tu, ujumbe unakuja alfajiri sana. Hakikisha namba yako iko sahihi ofisini kwao. Nimeshuhudia wazazi wamesimama na mtoto kituo cha basi kwenye upepo ule na basi haliji.

Nyanya usipande nje sasa hivi hata Jumatatu ikiwa 80. Madukani miche wanaanza kuiuza mapema, usidanganyike. Huku barafu ya usiku inaweza kupiga hadi katikati ya Mei na wengi tunasubiri mwisho wa Mei ndio tunaweka nyanya, pilipili na maharage. Mchicha nao unataka udongo wa joto, ukiuwahisha mbegu zinaozea chini. Sukuma wiki haina shida, hiyo baridi kidogo inaivumilia.

kijana_wa_barafu

Matairi toa bwana, Aprili hii. Raba ya matairi ya winta ni laini, ukiendesha nayo kwenye lami ya digrii 70 unaila bure. Na kama ni yale ya misumari ndio kabisa, North Dakota mwisho wake kisheria ni Aprili 15.

Ila mimi nauliza, si ndio haya mambo ya tabianchi? Zamani majira yalikuwa yanaeleweka.

suka_wa_I94

Mkuu mgeni, kijana hapo juu anazungumzia matairi kwa mtu anayeendesha kazini na kurudi mjini. Wewe unasema Bismarck. Hizo ni kama maili 195 za uwazi, kwa hiyo kama safari bado ipo acha matairi yalipo mpaka urudi. Yenye misumari toa, sheria ni sheria, ya kawaida acha.

Mimi napita hiyo njia na semi, lile lori la trela, mwaka mzima na nakwambia theluji sio shida kubwa, shida ni upepo. Theluji inchi tatu bila upepo unaendesha taratibu unafika. Theluji inchi tatu na upepo wa maili 45 kwa saa huoni boneti ya gari lako. Na wala haihitaji inyeshe mpya, ile iliyokwisha kuanguka mashambani inanyanyuliwa tu na kuvushwa barabarani, juu ukitazama anga la bluu na jua, chini usawa wa macho hakuna kitu, nyeupe. Watu wa hali ya hewa wakisema blizadi wanamaanisha upepo wa maili 35 kwa saa au zaidi, kuona chini ya robo maili, na hali hiyo iendelee masaa matatu au zaidi. Kiasi cha theluji hakimo kwenye hesabu hiyo.

Hata siku isiyo na theluji, kama hiyo Jumanne yako, upepo wa kusini unapiga ubavuni maana I-94 inakwenda mashariki-magharibi. Trela la futi 53 likiwa tupu ni tanga, linakuvuta lenyewe. Nimeshaona yamelala mtaroni pale kati ya Valley City na Jamestown siku ya jua safi kabisa. Gari dogo halilali ila ukipishana na semi shika usukani vizuri, unapata kivuli cha upepo kisha unarudishiwa wote kwa mpigo. Na ukipaki elekeza pua ya gari kwenye upepo, mlango ufungue ukiwa umeushika, hapa mafundi wanapata hela nyingi springi kwa bawaba za milango zilizopinda.

Kuhusu barabara kufungwa: wana mageti kwenye njia za kuingilia, sio maneno tu. Ukilipita geti faini inafika dola 250 na ukikwama hakuna wa kuja kukuchukua mpaka dhoruba itulie, hata magari ya kuondoa theluji wanayaita yarudi. Angalia ramani ya barabara ya serikali ya jimbo (piga 511 au tumia apu yao) kabla hujawasha gari. Ukiona wameandika safari haishauriwi, hiyo ni hatua moja kabla ya geti.

Ukikwama kaa ndani ya gari. USITOKE kwenda kutafuta nyumba, unaweza ukapotea hatua chache tu kutoka kwenye gari. Washa injini kwa vipindi, na kila kabla ya kuwasha hakikisha ekzosi haijafunikwa na theluji, ile gesi ya sumu, kaboni monoksidi, inarudi ndani na haina harufu. Blanketi, koleo, maji, chaja, tanki lisishuke nusu. Mpaka mwanzoni mwa Mei mimi hivyo vitu sivitoi kwenye gari.

mzee_Bisi

Salaam kwenu. Nimekaa Bismarck muda mrefu na mambo ya hewa ni ugonjwa wangu, kwa hiyo mtanisamehe nikirefusha.

Kijana, tabianchi inabadilika ndiyo, sibishi, ila kuyumba huku kwa springi ni kwa zamani sana hapa. Mwaka 1936, mwaka mmoja huohuo, jimbo hili lilipata digrii 60 chini ya sifuri kule Parshall mwezi wa Februari na digrii 121 pale Steele mwezi wa Julai. Farenhaiti hizo. Rekodi zote mbili bado zimesimama. Jirani zetu South Dakota, Spearfish, Januari 22 mwaka 1943 joto lilipanda kutoka -4 mpaka 45 ndani ya dakika mbili, na Loma kule Montana Januari 1972 lilipanda kutoka -54 hadi 49 ndani ya saa 24. Hizo mbili za mwisho ni kazi ya upepo wa Chinook unaoshuka milima ya Rocky, ukishuka unajibana unapata joto na kukauka. Fargo uko mbali na milima haukufikii kwa nguvu hiyo, yako wewe yana sababu nyingine.

Chukua ramani. Milima ya Rocky imesimama magharibi yetu kutoka kaskazini kwenda kusini. Lakini kati ya Aktiki na Ghuba ya Mexico hakuna safu kubwa ya milima iliyolala kukata njia. Hewa baridi ya Kanada ikishuka hakuna wa kuizuia mpaka Texas, na hewa ya joto yenye unyevu ya Ghuba ikipanda inatufikia na sisi. Winta baridi inashinda karibu kila siku ndio maana uliiona imetulia. Kiangazi joto linashinda. Aprili hakuna mshindi, na ule mkondo wa upepo wa kasi ulioko kama kilomita 10 juu, unaopita kwenye mpaka wa hizo hewa mbili, leo uko kusini yetu kesho kaskazini yetu.

Dhoruba yako ya Jumatano wengi huku wanaiita ya Colorado. Mgandamizo mdogo wa hewa unazaliwa mashariki mwa milima kule Colorado kisha unapanda kuja kaskazini mashariki, na upepo unauzunguka kinyume na mshale wa saa. Huo mgandamizo ukiwa bado uko kusini magharibi yako, wewe unapata upepo wa kusini, joto na unyevu, ndio Jumanne yako na vumbi lako. Ukishapita, upepo unahamia kaskazini magharibi na joto linaporomoka, hata digrii 30 kwa masaa machache. Ngurumo uliyosikia ni sawa kabisa: ile hewa ya joto ilikuwa bado inapanda kwa nguvu juu ya hewa baridi iliyokwishaingia chini, mawingu yakajichaji kama ya kiangazi huku chini inaanguka theluji. Theluji ya namna hiyo inaanguka kwa haraka mno.

Kwa hiyo dokezo langu: usisome digrii peke yake, soma upepo. Upepo wa kusini mashariki unaozidi nguvu tangu usiku, na joto ambalo hukulitarajia, mwezi wa Aprili, jua kuna kitu kinakuja nyuma yake. Kuna nyingine zinatoka Alberta, hizo ni za haraka, unyevu kidogo, theluji haba ila upepo wake unauma, zinapita siku moja.

Halafu ipo hii ambayo hata wenyeji wanaisahau. Ardhi ikiwa bado ina theluji jua linaishia kurudishwa juu na kuyeyusha, hewa haipati joto. Ndio maana siku hiyohiyo utakuta kusini ambako ardhi imeshakuwa wazi ni 65 na wenzetu wenye theluji kaskazini ni 40 chini ya jua lilelile. Apu ya simu inakosea sana hapo.

Na mwaka 2022, kwa anayedhani Aprili ni salama: tarehe 12 mpaka 14 tulipigwa siku tatu mfululizo huku kati na magharibi, sehemu nyingine theluji ikapita nusu mita, wakati ng'ombe wanazaa. Wiki hiyo ilipoisha tukadhani yamepita, kabla mwezi haujaisha ikaja nyingine na barafu iliyoangusha nguzo za umeme kaskazini magharibi.

Mkenya_Moorhead

Mzee asante, hiyo ya radi hata mimi nilikuwa najiuliza.

Mgeni, wacha niongeze ya maji kwa sababu naona kila mtu anaongea theluji na hiyo theluji ikiyeyuka ndio story inaanza. Hii Red River yetu inaenda kaskazini, mpaka Lake Winnipeg kule Kanada. Kusini inayeyuka kwanza, maji yanashuka na kukuta mbele bado kuna barafu. Na hapa hakuna mteremko, hii bonde yote ilikuwa chini ya ziwa la zamani la barafu, Agassiz, kwa hivyo maji yakipanda hayana pa kwenda ila kutandaa mashambani. Grand Forks 1997 walipata winta mbaya, halafu blizadi mwanzo wa Aprili, halafu mto ukapanda, karibu watu wote wakahamishwa na majengo ya katikati ya mji yakashika moto yakiwa yamezungukwa na maji. Hapa Fargo na Moorhead rekodi ni 2009, Machi 28, futi 40.84, watu walijaza magunia ya mchanga mamilioni. Sasa hivi wanachimba mfereji wa kama maili 30 wa kuzungusha maji yasipite mjini.

Kama unaishi nyumba yenye besmenti (chumba cha chini ya ardhi) angalia ile pampu ya kutoa maji iko kwenye shimo la sakafuni. Mwaga ndoo ya maji, uone kama inawaka. Kisha toka nje uone bomba lake linatema wapi, kama mdomo umeziba na barafu, maji yanarudi kwako. Hiyo ni kazi ya dakika kumi na kapeti inagharimu pesa mingi sana. Mahali ninapokodisha tuliripoti pampu mbovu mwezi wa tatu na mwenye nyumba akasema atatuma mtu, tukangoja, mtu alikuja kama maji yameshaingia.

Na usishtuke Jumatano ya kwanza ya mwezi saa saba mchana ukisikia king'ora upande wetu, ni majaribio. Kuanzia mwisho wa Aprili mpaka kiangazi zile dhoruba za radi zinaanza na tornado pia zinakuwepo. Fargo ilipigwa vibaya Juni 20, 1957, ni hiyo ndio Profesa Fujita, yule mtafiti wa tornado, aliichambua kwa kutumia picha za wakaaji. Kwa hivyo jua mapema utajificha wapi, besmenti ama chumba cha katikati kisicho na dirisha. Ukiona simu imeandika Watch ni kwamba inaweza kutokea, endelea na shughuli zako ukiwa macho. Ikiandika Warning usiende kuchungulia dirishani.

kijana_wa_barafu

Mzee nimekuelewa. Ila matairi ya mjini bado nasema yatolewe.

mama_wa_wanne

Na kupe! Zile siku mbili tatu za joto zikifululiza tu, kupe wanaamka kwenye majani marefu kando ya mto. Watoto wakirudi kucheza angalia nyuma ya masikio na kwenye nywele. Theluji inaweza kurudi kesho yake na kupe bado wapo.

suka_wa_I94

Kingine nimesahau, moto. Kabla majani hayajawa kijani, yale ya mwaka jana ni makavu, na siku ya upepo kama Jumanne ile kipisi cha sigara dirishani kinachoma shamba zima. Huyo jirani na jiko lake mwambie aangalie tangazo la siku hiyo, kuna siku kaunti zinakataza kuwasha chochote nje.

mgeni_Fargo

Aisee nashukuru sana wakuu, nimejifunza zaidi ya nilichouliza. Pampu nimeijaribu sasa hivi, inawaka, bomba la nje lilikuwa limefunikwa na lile lundo jeusi la theluji na mchanga, nimelichimbua. Matairi nayaacha mpaka nirudi.

Sasa kuhusu Bismarck. Hivi leo kwa wiki ijayo wanaonyesha Jumatano 61 na upepo wa kusini mashariki, Alhamisi mchana mvua, usiku wa Alhamisi theluji na upepo wa kaskazini magharibi mpaka maili 50. Mzee, si ndio hiyohiyo ya Colorado? Nilifikiri niondoke Alhamisi usiku baada ya kazi nifike saa sita nilale kidogo.

mzee_Bisi

Ndiyo yenyewe, na saa uliyochagua ni mbaya kuliko zote. Mara nyingi inatugusa sisi huku kabla yenu, kwa hiyo utaondoka Fargo kuna mvua tu, ukifika Jamestown mvua inaganda kwenye kioo, mbele yake ukutane nayo uso kwa uso gizani. Mpaka siku ifike njia yake inaweza kuhama maili 100 na sisi tukapata mvua tupu, hilo hutokea sana. Fuatilia utabiri wa ofisi ya Bismarck na ya Grand Forks, wanaandika na maelezo ya kwa nini wanadhani hivyo, usitegemee kapicha ka wingu kwenye simu.

suka_wa_I94

Una njia mbili. Ondoka Jumatano mchana ukiwa na mwanga, upepo utakuwa wa ubavuni ila barabara kavu, jua linazama baada ya saa mbili usiku siku hizi kwa hiyo muda unao. Au piga simu Jumatatu asubuhi wakubadilishie tarehe, sema tu unatoka Fargo na kuna dhoruba, ofisi za huku hawashangai. Mimi mwenyewe nimeshamwambia dispacha, anayenipangia safari, lodi ya Ijumaa ya Bismarck aisogeze.

mgeni_Fargo

Jumatano nina zamu, siwezi. Nitapiga Jumatatu.

mzee_Bisi

Omba Jumanne au Jumatano ya wiki inayofuata, saa za mchana, upate nafasi ya kuondoka barafu ya asubuhi ikishaachia. Wakikataa nijulishe PM, ofisi nyingi zina ya kujaza kwa posta nitakuelekeza fomu.